Mkate wa Bure

Mtaani kwetu baba yangu aliitwa Tajiri, na jina hilo alipewa kwa sababu ya tumbo. Lilimtangulia kila alikokwenda. Akikata kona, unaliona tumbo kwanza, kisha mwenyewe anafuata taratibu, nyusi zimejaa unga. Kinyozi wa jirani alizoea kumwambia kwamba mtu mwenye mwili ule hana haki ya kusema hana hela. Baba alicheka tu, maana kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza. Ukweli ni kwamba tulikuwa hohehahe, na lile tumbo lilitokana na uhohehahe wenyewe.

Baba alikuwa mwoka mikate. Kiwanda alimofanya kazi kilikuwa nyuma ya duka, chumba kirefu chenye joto, tanuri la matofali likiwa upande mmoja na magunia ya unga upande mwingine. Katikati palikuwa na meza ya mbao iliyobonyea kama kitanda cha zamani, kwa jinsi ilivyokandiwa unga miaka nenda miaka rudi. Alianza kazi alfajiri, na alasiri akarudi nyumbani na furushi la kitambaa begani. Ndani ya furushi mlikuwa na mikate.

Mwenye kiwanda alikuwa mama wa makamo, mjane, ambaye wafanyakazi wote walimwita Mama Mkubwa ingawa hakuwa na udugu na yeyote pale. Yeye ndiye aliyeweka utaratibu kwamba mkate ulioungua upande, uliopinda, au uliolala bila kununuliwa, wagawane wafanyakazi waende nao kwao. Sharti lake lilikuwa moja: mkate ule ni wa kula, si wa kuuza. Sisi tulimwona mtu mwema, na wema alikuwa nao. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini nani atalia njaa na mkate umejaa kabatini?

Basi tukala mkate. Asubuhi mkate na chai yenye sukari ya kutosha, maana sukari haikuwa ghali. Mchana mkate uliopakwa mafuta. Jioni mama aliukatakata akaukaanga na kitunguu, au akaulowanisha akaukanda upya, au akautwanga ukawa chenga na kuuchemsha kama uji. Mama alikuwa na namna nyingi za kuushawishi mkate ujifanye kitu kingine. Lakini ukifumba macho ukautafuna, ulikuwa mkate ule ule.

Vitu vingine vilikuwa sokoni. Maharage, mayai, samaki, mboga, machungwa, vyote tuliviona kila siku, na wakati nilipokuwa mdogo zaidi nakumbuka tulivila pia. Kisha bei zikaanza kupanda ngazi, na mshahara wa baba ukabaki chini unazitazama. Kodi ya chumba ililipwa kwanza, ada yangu ikafuata, mafuta ya taa, sabuni. Mama alianza kwa kuondoa samaki. Halafu mayai. Halafu maharage yakawa ya siku za mapumziko tu, kisha tukayasahau. Hakuna siku aliyotangaza kwamba leo tumeacha kula mboga. Ziliondoka kimyakimya, kama mpangaji anayehama bila kuaga.

Lililotuficha ni kwamba tulikuwa tunashiba. Shibe ilituficha hata sisi wenyewe. Mimi nilikuwa nasinzia darasani, mwalimu akanihamishia dawati la mbele akidhani ni uvivu. Mama midomo yake ilikuwa imechanika pembeni, akisema ni upepo. Baba alikunywa maji kama mtu aliyekula chumvi gunia zima, na kila tulipomuuliza alisema ni joto la tanuri. Kila ugonjwa tuliutafutia jina la kuusingizia.

Siku moja trei ya chuma ilimponyoka baba ikamwangukia mguuni, ukingo wake ukamkata kidole kidogo. Kidonda chenyewe kilikuwa cha kuchekwa. Alikifunga kitambaa akaendelea na kazi, na nyumbani hakusema kitu. Lakini wiki zikapita na kitambaa hakikutoka. Mama alikibadilisha, akakiosha kwa maji ya chumvi, akakipaka kila alichoambiwa na majirani. Kidonda kikawa hakisogei mbele wala nyuma. Halafu kikaanza kunuka, na hapo mama hakuomba ushauri tena. Alimshika baba mkono asubuhi ile, akaniita na mimi nimsaidie upande wa pili, tukaenda zahanati.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alimchoma baba kidole cha mkono, akatazama kipimo, akamchoma kidole kingine akatazama tena. Akamwambia kwamba ana kisukari, na kwamba kiko juu sana. Baba alimjibu kwa upole kwamba pengine mashine imekosea, kwa sababu asubuhi ile alikuwa hajanywa chai bado. Muuguzi hakucheka. Alifungua kitambaa cha mguuni, kisha akauliza tunakula nini nyumbani.

Baba alisema tunakula vizuri tu, hatuna shida. Mama alitazama sakafu. Muuguzi akasubiri, na ile subira yake ndiyo iliyomfungua mama. Akasema tunakula mkate. Na nini? Na chai. Na mchana? Mkate. Na jioni? Mama akawa anakunja na kukunjua pindo la nguo yake.

Ndipo muuguzi aliponiita mimi. Nilidhani ananiita nishike kitu. Akanivuta kope ya chini ya jicho kwa kidole gumba, akanisogeza mbele ya kioo kilichokuwa juu ya sinki na kuniambia nitazame. Ndani ya kope yangu palikuwa peupe, akasema ni kwa kupungukiwa damu. Akamwonyesha mama ndani ya kope yake mwenyewe, napo palikuwa vilevile. Baba aliona yote mawili kutoka pale alipokaa. Sijapata kumwona akiwa na uso ule, si kabla wala baadaye. Maradhi yake alikuwa ameyachukulia kama jambo la kazi, lakini sisi tulikuwa tumekula kutoka mkononi mwake.

Muuguzi alieleza tunachotakiwa kula: mboga za majani, maharage, yai, samaki hata wale wadogo, tunda likipatikana. Mkate upungue, sukari ikome. Alieleza taratibu, kwa lugha tuliyoielewa. Alipomaliza, baba akamuuliza swali, na alimuuliza bila kejeli, kama mtu anayetaka kuelekezwa njia.

"Dada, hivyo vyote vinatolewa wapi bure? Maana mkate wenyewe tunakula kwa kuwa ni wa bure."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Baba, hilo sina jibu lake. Dawa nitakupa. Cha kula nimekwambia, cha kununulia sina. Hapa wanaingia watu wembamba na wanaingia watu wanene, na nikiwauliza wanakula nini, wengi jibu lao ni moja. Wanakula kilicho rahisi."

Halafu akatuambia jambo ambalo mama alilirudia mara nyingi baadaye. Alisema tusione aibu kurudi kwake, hata wiki ambayo tumeshindwa kula alivyotuagiza. Tumwambie tu ukweli, yeye atafanya kazi na ukweli huo. Akaandika karatasi ya kwenda hospitali kubwa kwa ajili ya kidole, akamfunga baba mguu kitambaa kipya cheupe, na mlangoni akamshika bega kana kwamba wamefahamiana miaka.

Hospitalini kidole hakikuokoka. Walikiondoa ili mguu ubaki. Baba alipotoka, akiwa bado amelegea, mama alikuwa analia kwa kujificha, naye akamwambia asilie, kwani wahenga walishasema kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo kile hata kilipokuwepo hakikuwa na faida. Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Kwa mara ya kwanza tangu zahanati niliona kwamba pengine tutapona.

Siku iliyofuata mama alinichukua tukaenda sokoni. Hela tuliyokuwa nayo ilikuwa imefungwa kwenye pindo la nguo yake, fundo dogo kama punje ya hindi. Tulizunguka. Kila meza aliuliza bei, akashukuru, akasogea. Tulikula kwa macho mpaka macho yakachoka. Mwisho tukafika kwenye kona, kwa mama mmoja wa mboga ambaye soko zima lilimwita Shangazi. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na mikono mikubwa, na alilea wajukuu zake peke yake, wanne, baada ya binti yake kufariki.

Mama akauliza bei ya fungu la mboga. Akaomba apunguziwe. Akaomba tena. Shangazi alimtazama kwa mshangao, akasema hajapata kuona mke wa Tajiri akikaba watu koo kwa fungu moja la majani, kumetokea nini? Alisema kwa utani. Lakini mama yangu, mtu ambaye hakuwahi kutoa siri ya nyumba yake hata kwa dada zake, aliketi juu ya kreti tupu palepale na kusema yote: mkate, mguu, kidole, kope za macho. Alisema mpaka pumzi ikamwisha.

Shangazi alimsikiliza huku anachambua mboga, anatupa majani ya njano upande mmoja. Mama alipomaliza, yeye akacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Unajua wajukuu wangu wanakula nini? Hizi. Zinazobaki jioni, zilizonyauka. Asubuhi majani, usiku majani. Mdogo wao analia mkate mpaka analala, na mkate dukani siku hizi haukamatiki, nanunua mara mojamoja tu. Wewe unazama kwenye mkate, mimi nazama kwenye majani. Tumekaa mtaa mmoja tunazama kila mtu peke yake."

Wakatazamana. Hakuna aliyetoa hotuba wala kupeana mkono. Shangazi alifunga fungu kubwa la mboga, akaongeza nyanya zilizopasuka kidogo na karoti mbili zilizopinda, akampa mama. Mama akasema kesho atatuma mkate. Shangazi akamwambia asitume, aje mwenyewe, maana anataka wakae waongee.

Ule mlo wa kwanza naukumbuka mpaka leo. Mama alipika mboga zote kwa mafuta kidogo, akaweka nyanya, na mkate akakata vipande vyembamba kiasi kwamba ungeweza kusoma kitabu kupitia kwavyo. Baba aliitazama sahani yake kwa muda. Akauliza kama hivi ndivyo ng'ombe wanavyoishi. Mama akamjibu kwamba hajapata kusikia ng'ombe mwenye kisukari. Baba akala. Alipomaliza alifuta sahani kwa kidole, akamwangalia mama kama anayeomba radhi, na mama akamwongezea.

Kuanzia hapo mama alikwenda sokoni kila siku na furushi, akarudi na furushi. Baada ya muda Shangazi akamleta mzee mmoja mstaafu aliyefuga kuku uani kwake, ambaye mayai yake yenye ufa hayakununuliwa na mtu ingawa yalikuwa salama kabisa. Na yeye alipenda mkate, hasa ule ulioungua chini. Kisha akaja muuza maharage, ambaye kila gunia linapokwisha hubakiwa na chenga na nusu nusu. Jioni mlangoni kwetu pakawa kama pa mtu mwenye sherehe. Kila mtu alileta kile ambacho kwake kilikuwa kimezidi na kuondoka na kile alichopungukiwa. Hatukukiita jina lolote. Mama alisema tu, "Watu wangu wamekuja."

Lakini baba hakuwa na amani. Mguu ulikuwa unapona na siku ya kurudi kazini ilikuwa inakaribia, na katika muda wote aliokaa nyumbani wenzake walikuwa wanampelekea fungu lake la mikate kwa ruhusa ya Mama Mkubwa. Mikate hiyo ndiyo mama aliyokuwa akiitoa. Je, kubadilishana si kuuza? Mama alisema hapana, hakuna hela iliyoshikwa. Na kwa vyovyote vile, alisema, hakuna haja ya kwenda kumchokonoa mama wa watu. Funika kombe mwanaharamu apite.

"Huyu si mwanaharamu anayepita," baba alisema. "Huyu ndiye anayenilisha. Akisikia kwa mtu mwingine, nitamtazama kwa macho gani?"

Kesho yake baba aliniwekea mkono begani nimwegemeze, tukatembea mpaka kiwandani. Ndiyo maana nilikuwepo.

Ofisi ya Mama Mkubwa ilikuwa chumba kidogo ambamo nusu ya nafasi ilikaliwa na magunia ya unga. Alimkaribisha baba vizuri, akaulizia mguu, akamwekea kiti. Baba hakukaa. Alisema kwamba anamshukuru kwa mikate ya miaka yote. Kisha akasema kwamba mikate hiyo sasa hawezi kuila, imemletea maradhi, na mkewe anawapa majirani, nao majirani wanampa mboga na mayai. Alisema yote kwa mkupuo mmoja, mikono nyuma kama mwanafunzi.

Mama Mkubwa aliuliza ni majirani gani. Baba akawataja. Uso wa mama yule ukabadilika. Alisema Shangazi alikuwa mteja wake. Muuza maharage alikuwa mteja wake. Watu wale walikuwa wakinunua mkate dukani, si mwingi lakini walinunua, na sasa anaelewa kwa nini hawaonekani. Unga umepanda bei, kuni zimepanda, hamira imepanda, na yeye kumbe analisha watu wasinunue. Hakupiga kelele. Alisema baba aende nyumbani, asirudi mpaka aitwe.

Tulirudi nyumbani. Siku zilizofuata nyumba ilipoa. Mama hakusema "nilikwambia", na kule kutosema kulikuwa kuzito kuliko kusema. Mikate haikuletwa tena. Watu wa mama walikuja jioni wakaambiwa yaliyotokea, wakaondoka bila mkate, na nilidhani hawatarudi. Walirudi. Shangazi alileta mboga zake kama kawaida, mama akakataa akisema hana cha kumpa, Shangazi akaziweka kizingitini na kuondoka huku akisema kwa sauti ya mtaa mzima kwamba yeye hajaja kuuza. Mzee wa kuku akaleta mayai mawili kwenye kofia. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba kilichokuwa kikifanyika kwenye kile kizingiti kilikuwa kimevuka mkate na mboga.

Siku ya mapumziko, mchana, Mama Mkubwa akaja mwenyewe. Hatukuwa tumemtarajia. Mama alikuwa anapika, na Shangazi alikuwa amekaa chini mlangoni anamsaidia kuchambua maharage. Alipomwona mgeni, Shangazi aliinuka kutaka kuondoka. Mama Mkubwa akamwambia akae, kwani ana jambo na yeye pia. Chumba chetu kilikuwa kimoja, kiti kimoja, vitanda viwili. Mgeni akakaa ukingoni mwa kitanda changu.

Aliomba aone kinachopikwa. Mama alifunua sufuria. Akaomba aone mguu wa baba. Baba akavua kiatu. Akautazama mguu ule wenye vidole vinne kwa muda mrefu kuliko tulivyotegemea, kisha akasema, bila kumwangalia mtu:

"Nilipoanza kuwapa mikate, nilikuwa nawasaidia. Kisha maisha yakapanda, mkaja kuniomba nyongeza, nikajiambia, si wana mkate. Mwaka uliofuata nikajiambia hivyo hivyo. Mkate umenisaidia mimi kuliko nyinyi."

Sufuria ilikuwa inatokota.

Akaendelea kwamba hana uwezo wa kumfanya mtu tajiri. Biashara yenyewe inapumua kwa shida, na bei ya unga inapangwa na watu ambao hajawahi kuwaona, katika nchi ambazo hatakanyaga. Lakini kuanzia mwezi ule, mfanyakazi anayetaka mkate achukue mkate, na anayetaka thamani yake iingie kwenye mshahara, iingie. Anayetaka nusu kwa nusu, na apate. Na mkate ukishatoka kiwandani na mwenye nao, yeye hatakuwa na kazi ya kuchungulia umeingia tumbo la nani. Kisha akamgeukia Shangazi na kumwambia kwamba yeye anapaswa kununua mkate angalau siku moja moja, vinginevyo tanuri litazimika na wote watakula majani. Shangazi akakubali, kwa sharti kwamba Mama Mkubwa naye anunue mboga kwake badala ya kuzifuata kwenye lile duka kubwa lenye feni. Walipatana hivyo. Mama akampakulia mgeni sahani, na mgeni akala akamaliza.

Baba alirudi kazini, lakini si kwenye tanuri. Walimpa kazi ya kupima madonge kwenye mizani akiwa amekaa, ili mguu upumzike. Alichukua nusu mkate nusu hela. Ile hela haikuwa nyingi, ila ilikuwa na jambo ambalo mkate haukuwa nalo: mama aliweza kuigeuza iwe chochote. Leo samaki wadogo, kesho maharage, siku nyingine chungwa moja tulilogawana watatu. Aliporudi kutoka sokoni alikuwa anapanga vitu mezani kimoja kimoja kabla ya kuvipika, akavitazama tu kwa raha yake.

Siwezi kusema kila kitu kilikwenda kama maji mtoni. Wafanyakazi wengine wawili walichagua mkate wote, kwa sababu walikuwa na watoto wengi na mkate hujaza matumbo mengi kwa haraka, na hakuna aliyeweza kuwalaumu. Baba alimshawishi Mama Mkubwa waoke mkate wa unga usiokobolewa, akisifu kwamba una afya. Wateja wakasema una vumbi. Ulibaki kabatini mpaka mzee wa kuku akawapelekea kuku wake, nao, kwa maelezo yake, waliutafuna kwa kusitasita. Na kulikuwa na miezi ambayo bei zilipaa tena, tukarudi kwenye chai na mkate, mama akaenda kwa yule muuguzi na kumwambia ukweli kama walivyoagana, na muuguzi akabadilisha dawa ya baba bila kumgombeza.

Lakini kidonda kilifunga. Muuguzi alipotoa kitambaa cha mwisho aliwaita wenzake waje waone, baba akawa anaonyeshwa kama bibi harusi. Mimi nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikala mboga za Shangazi mpaka nikahisi nitaota majani, na muhula ule mwalimu akanirudisha dawati la nyuma kwa sababu sasa nilikuwa napiga porojo. Mama midomo yake ikapona. Tumbo la baba likapungua mwezi hadi mwezi, na mtaa mzima ukaanza kumhurumia. Kinyozi alimvuta pembeni akamuuliza kwa sauti ya chini kama mambo yamemwendea kombo. Wakati ule ule ambao tulikuwa na nafuu kuliko miaka yote, watu waliamini Tajiri amefilisika. Baba alikuja kutusimulia akicheka mpaka akashika ukuta.

Siku moja alivaa shati lake zuri, akaenda sokoni kumshukuru Shangazi rasmi, akanichukua nimsindikize. Alikuwa amejiandaa maneno. Alisimama mbele ya meza, akaanza kusema kwamba mguu anaotembelea ni wake yeye Shangazi, na damu ya mwanawe pia. Shangazi alimkatiza.

"Kwanza sogea, unawazibia wateja. Pili, mjukuu wangu wa mwisho pale nyumbani halii tena usiku. Nani amshukuru nani?"

Baba akasogea. Akasimama pembeni, akawa anamsaidia kupanga nyanya, na maneno aliyoandaa hakuyamaliza. Tulikaa pale mpaka meza ikabaki tupu.

Miaka mingi imepita. Mimi sasa ni mpishi kwenye shule kubwa, katika mji mwingine, na kabla ya hapo nimepika katika miji mingine ambayo lugha yake nilijifunza jikoni. Kila mahali nimekuta watu kama sisi tulivyokuwa. Wameshiba na wanaumwa, au wembamba na wanaumwa, na ukiwauliza wanajua vizuri kabisa nini kizuri kula. Hawahitaji kufundishwa. Ninapopanga chakula cha watoto wa shule na kuambiwa hela haitoshi kwa mboga, hubishana na wakubwa zangu mpaka wananikimbia kwenye korido. Wakiniuliza nilipata wapi ukaidi huo, huwaambia kwamba nililelewa na watu wa mama.

Shangazi ameacha biashara, kwenye meza yake anauza mjukuu wake wa kwanza. Mama Mkubwa alifariki, Mungu amweke pema, na kwenye mazishi yake baba alilia kuliko baadhi ya ndugu. Mzee wa kuku aliondoka kabla yake. Yule muuguzi sijui yuko wapi, na namwombea kila ninapomkumbuka, popote alipo, awe na mtu wa kumshika bega.

Baba yupo. Juzi nimempigia simu akanieleza bila kuulizwa alichokula asubuhi, mchana na alichoona kinaandaliwa kwa jioni, akalalamika kwamba sasa mama amempunguzia na chumvi, wamebaki tu kumnyima hewa. Nikamwacha alalamike. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za jiko la shule, aproni imelowa, nikawa nasikiliza sauti yake ilivyo na nguvu. Alipochoka akaniambia nisikate, mama yangu amesimama hapo anadai simu.